Sauti za Wazee Wetu Ndani ya Simu za Zamani: Kubadilisha Si Kurudisha



Ndugu wazazi na walezi, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu (S.A.W.), leo naomba tuzungumze jambo ambalo kwa haraka linaonekana ni la mafundi wa kompyuta, kumbe limeshaingia majumbani mwetu bila kubisha hodi. Ni habari ya zile sauti tulizorekodi kwa simu ndogo za vibonyezo, na namna ya kuzihamisha ili zitumike kwenye kompyuta, katika zile programu ambazo watu huziita "programu za muziki".

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Nyamirambo, Kigali. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto kuanzia alifu kwa ujiti hadi tajwid na fiqhi. Kompyuta nilijifunza kwa sababu ya haja tu: kila mwaka watoto wanasoma qasida siku ya kufunga madrasa, wazazi wanataka kubaki na kumbukumbu, na mtu wa kurekodi akikosekana basi maalim ndiye fundi. Kwa hiyo nina programu ya kuhariri sauti, na ninaitumia.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza kwa upole, "Maalim, programu ya muziki na madrasa wapi na wapi?" Nikamjibu kuwa hilo ni jina tu. Programu haijui kama ulichoweka ndani yake ni gitaa au ni Yasin. Ni kama meza ya fundi cherehani: kitambaa unakuja nacho mwenyewe, na nguo itakayotoka, ya stara au isiyo ya stara, inatokana na wewe. Alicheka, akaridhika, na mwanawe akaendelea kuja darasani.

SWALI LINALORUDI MARA KWA MARA

Swali ninaloletewa ni hili: "Maalim, nina sauti ya mzee wangu, ilirekodiwa kwa simu ya zamani. Nimeitia kwenye kompyuta, haifunguki. Na ikifunguka, inasikika kama mtu anaongea ndani ya debe. Unaweza kuirudisha iwe nzuri?"

Swali hili lina sehemu mbili, na ni lazima tuzitenganishe. Sehemu ya kwanza ni kuifanya ifunguke. Hiyo ni rahisi, na inshaallah nitaeleza hatua zake. Sehemu ya pili ni kuirudisha. Hapo, ndugu zangu, ni lazima tuwe wakweli: kubadilisha si kurudisha. Tukilijua hilo mapema tutazitunza vizuri sauti tulizo nazo, na hatutawafundisha watoto wetu jambo ambalo mzee hakulisema.

SIMU ILIKATA NINI?

Simu za mkononi zilipoingia Rwanda mwaka 1998 zilikuwa za watu wachache. Baada ya miaka michache zikaenea, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hata simu ya bei ya kawaida ilikuwa na kinasa sauti. Nyingi kati ya simu hizo zilihifadhi sauti katika faili zenye mkia wa .amr. Wengine mtakuwa mmeona .3ga au .3gp, ambazo mara nyingi ndani yake mna sauti ya namna hiyo hiyo.

AMR ilikubaliwa kuwa kipimo cha mitandao ya simu mwaka 1999. Haikutengenezwa kwa ajili ya muziki wala kisomo. Ilitengenezwa ili watu wengi waweze kuongea kwa wakati mmoja juu ya mtandao wenye nafasi ndogo. Simu za kidijitali za waya zilikuwa zikipeleka kilobiti 64 kwa sekunde kwa kila mzungumzaji. AMR, katika ngazi yake ya juu kabisa, inapeleka kilobiti 12.2 tu, na ngazi ya chini kabisa ni 4.75. Yaani mahali palipokaa mtu mmoja sasa wanakaa watano au zaidi. Kwa biashara ya simu hiyo ni baraka kubwa.

Lakini walipunguza nini? Mambo mawili.

La kwanza, sauti inachukuliwa vipimo 8,000 kwa sekunde. Kanuni ya elimu ya sauti inasema kwamba ukichukua vipimo 8,000 huwezi kuhifadhi mitetemo inayozidi nusu yake, yaani 4,000 kwa sekunde. (Mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi moja.) Kwa vitendo, simu ya kawaida inapitisha takriban hezi 300 hadi 3,400. Linganisha na santuri ya CD inayochukua vipimo 44,100 kwa sekunde, na sikio la mtoto mwenye afya linalosikia hadi karibu hezi 20,000. Utaona kuwa simu imechukua chumba kimoja katika nyumba nzima.

La pili, AMR haihifadhi sauti yenyewe kama ilivyo. Kila sehemu ya hamsini ya sekunde inatazama sauti iliyoingia, inakisia koo na mdomo wa msemaji vilikaaje, kisha inaandika maelezo mafupi ya hayo. Wakati wa kusikiliza, simu inasoma yale maelezo na kuiunda sauti upya. Ndiyo maana mtu mmoja akiongea unamtambua vizuri, lakini kundi la watoto wakisoma qasida kwa pamoja, au dufu likipigwa, kunasikika mchanganyiko usioeleweka. Chombo kile kimejengwa juu ya koo la mtu mmoja. Ukikipa makoo thelathini kinachanganyikiwa.

MFANO WA UNGA

Nikiwaeleza watu, natumia mfano wa unga. Mama akichekecha unga, pumba zinabaki juu ya chekecheke na zinatupwa. Unga laini unautia katika kifuko kidogo. Kesho ukiuhamisha unga ule kutoka kwenye kifuko na kuutia katika gunia kubwa, je, pumba zitarudi? Hazirudi. Gunia limekuwa kubwa, unga ni ule ule.

Ndivyo ilivyo kubadilisha faili ya AMR kuwa WAV. Dakika moja ya AMR ya ngazi ya juu ni baiti 96,000 hivi. Ukiibadilisha kuwa WAV ya kawaida yenye vipimo 8,000 kwa sekunde, inakuwa baiti 960,000, yaani mara kumi. Ukiipandisha hadi vipimo 44,100 ili ilingane na CD, inazidi milioni 5.2. Gunia limejaa nafasi, lakini unga haukuongezeka hata chembe. Mtu akikuambia, "Nimeigeuza sauti ya simu kuwa ubora wa CD," mwambie, "Ndugu yangu, umeigeuza mfuko tu."

Basi kwa nini tubadilishe? Kwa sababu programu za kuhariri zinafanya kazi na mfuko ule mkubwa. Zinataka sauti iliyofunguliwa, iliyo wazi, ili ziweze kukata, kupunguza kelele na kupanga. Tunabadilisha ili tuweze kufanya kazi. Uzuri hauongezeki kwa kubadilisha.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU SISI WA MADRASA

Sasa nifikie pale panaponigusa mimi kama mwalimu wa tajwid.

Maulamaa wetu wa tajwid walizipa herufi sifa zake zamani sana, kabla ya kuwepo waya wala betri. Miongoni mwa sifa hizo ni safir, yaani ule mluzi unaotoka katika herufi tatu: swad, zay na sin. Sasa pima mluzi wa sin kwa vyombo vya leo: sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya hezi 4,000 na kuendelea hadi 8,000. Na simu imekata wapi? Kwenye 3,400. Yaani simu imekata palepale mluzi unapoishi! Sin ikiondolewa mluzi wake inakaribiana na tha, na tha inakaribiana na fa. Ndiyo maana hata mtu anapotaja jina lake kwenye simu unamsikia akisema, "S kama Simba, F kama Fisi."

Si kila kitu kinapotea, na ni haki tuliseme hilo pia. Madd ni urefu wa wakati, na simu haipunguzi wakati, kwa hiyo madd inabaki kama ilivyosomwa. Ghunna ni mlio wa puani ulio chini, na sehemu kubwa yake inapita. Hata tafkhim, ule unene unaotofautisha swad na sin, unajulikana kwa kivuli chake katika irabu inayofuata, na kivuli hicho kiko chini ya hezi 2,000, kwa hiyo unausikia. Lakini ncha ya ulimi, pale inapogusa meno kwa tha na dhal, au inapoyakaribia kwa sin na zay, simu inapaficha.

Sasa fikirini watoto wetu wa Kigali. Kinyarwanda hakina th wala dh. Mtoto wa hapa akija darasani siku ya kwanza, kwake "thelathini" ni "selasini" na "dhambi" ni "zambi". Hilo si kosa lake, ndiyo lugha aliyonyonya kwa mama yake. Kazi ya maalim ni kumwonyesha ncha ya ulimi inakaa wapi, na kazi ya sikio lake ni kusikia tofauti. Ukimpa sauti ya simu aige, umempa kioo chenye ukungu. Ataitazama herufi na hataona kosa lake liko wapi.

Tuliliona jambo hili Machi 2020, misikiti na madrasa zilipofungwa kwa sababu ya korona. Wenye simu janja walipata masomo kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao unabeba mitetemo mingi zaidi kuliko simu ya zamani. Lakini zilikuwepo nyumba zisizo na simu janja, na mtoto alisoma kwa kupigiwa simu ya kawaida. Nilisikiliza madd zao na zilikuwa nzuri. Nilisikiliza hukumu za nun sakina, alhamdulillah. Nilipofika kwenye tha na sin sikuweza kusema kwa yakini kama mtoto amepatia au amekosea. Kwa hiyo niliwaambia wazazi: herufi hizi tutazipima tukikutana uso kwa uso. Wazee wetu waliposema kisomo kinapokewa mdomo kwa mdomo walikuwa na hekima ambayo mafundi wa simu wameithibitisha bila kukusudia.

Tazameni jambo la ajabu. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qur'ani nzima kwa murattal, rekodi iliyotoka mwaka 1961, kwa vifaa vya studio vya wakati ule. Hadi leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, unaisikia sin yake na tha yake wazi. Simu iliyotengenezwa miaka zaidi ya 40 baada ya rekodi ile haikuweza kufanya hivyo. Si kila kipya kinazidi cha zamani. Inategemea kilitengenezwa kwa ajili ya nini.

SEKUNDE ARUBAINI NA SABA

Mwaka uliopita mama mmoja wa hapa Biryogo alinijia na memori kadi ndogo, ameifunga ndani ya kitambaa. Akaniambia, "Maalim, humu mna sauti ya baba. Simu yake imekufa zamani, kadi imebaki." Mzee yule alifariki mwaka 2011. Wajukuu wake wawili wanasoma kwangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia.

Tuliikuta faili moja, sekunde 47. Mzee anasoma sura fupi, anakohoa, kisha anamwambia mtu, labda mmoja wa wanawe, "Kunywa chai kabla haijapoa." Basi.

Mama yule alitaka sauti ile iingizwe ndani ya qasida ambayo wajukuu wangesoma siku ya kufunga madrasa. Alitaka mzee aanze, watoto wapokee. Nilimweleza yote niliyoyaeleza hapo juu, kwamba itasikika ya simu na haitakuwa kama ya watoto. Akanyamaza kidogo, akasema, "Maalim, mimi sitaki awe mzuri. Nataka awe yeye."

Ndugu zangu, katika nchi hii tunajua maana ya maneno hayo. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 kuna familia zilizopoteza watu na kila kilichowakumbusha watu hao, picha, barua, kaseti. Zipo nyumba Kigali ambamo hakuna hata sekunde moja ya sauti ya babu au bibi. Kwa hiyo mtu akija na sekunde 47, hata zikiwa na ukungu, usimwambie hazifai. Mwoneshe namna ya kuzitunza.

HATUA KWA HATUA

Haya ndiyo tuliyofanya, na wewe mzazi au kijana wako anaweza kuyafanya nyumbani.

1. Nakili kwanza, gusa baadaye. Toa memori kadi, isome kwa kisomea kadi kwenye kompyuta, unakili faili zote. Kama kadi haitoki, tumia waya. Usiirekodi kwa kuweka simu moja mbele ya spika ya nyingine, maana hapo unachekecha mara ya pili. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama waraka, ili faili ifike kama ilivyo.

2. Hifadhi faili ya asili bila kuigusa. Iweke ndani ya folda iitwayo "Asili" na usiifute kamwe, hata baada ya kupata WAV. Hiyo ndiyo asili, nyingine zote ni nakala zake.

3. Usibadilishe jina ukadhani umebadilisha faili. Kufuta .amr na kuandika .wav hakubadilishi kitu. Ni kama kuandika "asali" juu ya chupa ya mafuta.

4. Ibadilishe kwa chombo chake. Programu ya bure iitwayo FFmpeg inafanya kazi hii. Ukiisha kuiweka kwenye kompyuta unaandika mstari mmoja tu:

ffmpeg -i babu.amr -ar 44100 babu.wav

Maana yake: chukua babu.amr, ifungue, ipe vipimo 44,100, iandike kama babu.wav. Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti ambayo wengi wanaijua, haifungui AMR ikiwa peke yake, lakini ukiiunganisha na maktaba za FFmpeg inafungua moja kwa moja.

5. Sikiliza kasi. Data ghafi yenye vipimo 8,000 ikisomwa kana kwamba ni 44,100, itakwenda mara tano na nusu zaidi. Kisomo cha dakika tatu kitaisha kwa sekunde 33 na mzee atalia kama kinega. Sauti haijaharibika. Programu imepewa idadi isiyo sahihi ya vipimo. Mwambie sahihi, itatulia.

6. Punguza kelele kidogo tu. Vyombo vya kupunguza kelele vinafagia, na ufagio haujui kutofautisha vumbi na pete iliyoanguka. Mabaki ya sin na fa yanafanana sana na kelele, na ukifagia kwa nguvu unayafagia nayo. Afadhali mvumo ubaki kidogo na herufi zibaki.

7. Usitafute mlio mkali ambao haumo. Kuongeza sauti nyembamba juu ya hezi 4,000 hakuleti kitu, maana pale hamna kitu. Ukitaka maneno yasikike zaidi, pandisha kidogo baina ya hezi 2,000 na 3,000, na uondoe mvumo ulio chini ya 200.

8. Usimrundikie mzee watu. Katika programu, mpe mstari wake peke yake. Sauti ya simu ikiwekwa chini ya sauti za watoto waliorekodiwa kwa kipaza sauti kizuri, inamezwa. Sisi tulimwacha mzee asome peke yake, tukaweka kimya cha sekunde mbili, ndipo watoto wakaingia. Kule kukohoa hatukukukata, na yale maneno ya chai pia tuliyaacha.

9. Andika. Nani anasema, lini, wapi, simu gani, nani aliyebadilisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Faili yenye jina "Rec003" baada ya miaka ishirini haina mwenyewe.

MASHINE ZINAZOKISIA

Kuna jambo moja jipya ambalo wazazi wananiuliza siku hizi. Zipo programu za akili bandia ambazo unazipa sauti ya simu zikakurudishia sauti safi, yenye sin inayopiga mluzi, kana kwamba mzee alikaa studio. Je, tuzitumie?

Ndugu mzazi, elewa kwanza zinavyofanya kazi. Pumba zilizotupwa hazikupatikana. Mashine imesikiliza watu maelfu, ikajifunza kwa kawaida sin inasikikaje, kisha inaichomeka sin ya kukisia pale inapodhani palikuwa na sin. Mara nyingi inapatia. Lakini ikidhani tha ni sin, itakupa sin safi, nzuri, ya wazi, na ya uongo.

Kwa salamu za babu, au hadithi aliyowasimulia wajukuu, kila familia iangalie yenyewe, na waseme wazi kuwa imepitishwa kwenye mashine. Lakini kwa kisomo cha Qur'ani mimi siwezi kukubali. Tutakuwa tumetia katika kinywa cha marehemu herufi ambayo hakuitamka, au tumemsahihishia kosa alilolifanya, kisha mtoto aseme, "Hivi ndivyo babu yangu alivyosoma." Elimu yetu ya mapokezi imejengwa juu ya mtu kusema alichokisikia, na pale ambapo hakusikia vizuri aseme sikusikia vizuri. Wapokezi waliojaza mapengo kwa kudhani walijulikana, na mapokezi yao yalipimwa kwa hilo. Ukungu wa simu ni pengo la kweli. Tuliache lijulikane kuwa ni pengo.

Kwa hiyo kwenye madrasa yetu tumeweka utaratibu: sauti ya simu ni kumbukumbu, si kielelezo. Tunaisikiliza kwa mapenzi, tunamwombea mwenyewe, na herufi tunajifunza kwa mwalimu aliye mbele yetu.

TUSINGOJE

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Wapo wazee bado wako hai. Yupo bibi anayejua qasida za zamani za Biryogo ambazo hazijaandikwa popote. Yupo mzee anayesimulia jinsi walivyokuwa wakisali Masjid al-Fat'h alipokuwa kijana. Simu iliyo mfukoni mwako leo inaweza kuchukua vipimo 44,100 au 48,000 kwa sekunde, jambo ambalo zamani lilihitaji studio. Hatuna udhuru.

Ingia kwenye mipangilio ya kinasa sauti, chagua WAV au ubora wa juu kabisa. Zima mtandao ili simu isiingie katikati. Weka simu kwenye mto, shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Usirekodi kwa visikizi visivyo na waya, maana vingi vikianza kutumia kipaza sauti chake vinashuka hadi ubora wa simu. Usirekodi mvua ikinyesha juu ya mabati, na kama mko karibu na barabara ngojeni pikipiki zipungue. Kisha mwache mzee azungumze na usimkate.

Saa moja ya WAV ya sauti moja ni MB 318 hivi. Fleshi ya GB 32 inabeba takriban saa 100. Saa mia moja za mama yako! Weka nakala tatu katika mahali patatu, na moja iwe nje ya nyumba.

Siku ya kufunga madrasa tulipiga ile qasida. Mzee alipoanza kusoma ukumbi ulitulia. Mjukuu mdogo, ana miaka saba, alimgeukia mama yake akauliza kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Mama, babu alikuwa anaishi ndani ya redio?" Watu walicheka, na mama yake akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Akamjibu, "Hapana mwanangu. Alikuwa anaishi Biryogo."

Nawaomba basi, wiki hii fungueni makabati, tafuteni zile simu zilizokufa na kadi zilizosahaulika. Asiyejua kubadilisha faili aje madrasa baada ya swala ya Alasiri siku ya Jumamosi, aje na kadi yake, tutasaidiana na vijana wetu. Hatutozi kitu. Na mwenye mzee aliye hai, aanze na huyo kabla ya kadi.

Allah awarehemu waliotutangulia, awape umri wenye kheri waliobaki, na atujaalie kuwa watunzaji waaminifu wa tulichokipokea. Amin.